Wang'uru Hadi Gakindu Bila Pesa ya Barabara

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Majengo ananiuliza swali lile lile: ni kweli nilipika wali kwenye kizuizi cha ushuru na watu wakanichangia mazishi? Ni kweli. Lakini hadithi imekwisha kutiwa chumvi nyingi, na jirani yangu mmoja anasema nilimpiga karani kwa mwiko. Sikumpiga. Basi kaeni niwaeleze tangu mwanzo, nisije nikasimuliwa safari yangu mwenyewe.

Mnajua nauza mchele kwa jumla hapa mjini Nyeri. Mwaka huu shule moja ya bweni ya wasichana, ndani ya mashamba ya kahawa kupita Gakindu, ilitafuta mtu wa kuiletea mchele muhula mzima. Tulioomba tulikuwa wengi. Nilipata kwa sababu bei yangu ilikuwa chini kuliko ya wote, na ilikuwa chini kwa sababu moja tu: sikuweka pesa ya barabara ndani yake.

Kwa asiyeifanya biashara hii, pesa ya barabara ni fungu la noti ndogo ndogo ambalo mwenye mzigo humpa dereva kabla lori halijaondoka. Ni za kugawia kwenye vizuizi. Hazina risiti, na dereva haulizwi zimekwendaje. Baadaye mwenye mzigo huzirudisha kwenye bei, na mlaji hulipa bila kujua. Mimi mwenyewe nimelitoa fungu hilo miaka mingi, na wateja wangu wamekuwa wakiwanunulia watu wasiowajua chakula cha mchana.

Safari hii nilikuwa nimejifungia mlango. Nikihonga njia nzima, faida imekwisha na nitaanza kuula mtaji. Nikichelewa kupita saa nne Jumatatu, siku wasichana wanaporipoti, kazi inapewa yule tajiri mwingine ambaye malori yake hayasimamishwi popote. Mume wangu aliniambia kwamba nimeandika bei ya nchi ambayo haipo. Nilimkasirikia, kisha nikalala macho kwa sababu niliogopa anasema kweli.

Wang'uru, Ijumaa asubuhi

Nilifika mapema kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Wang'uru asubuhi ni vumbi la makapi, na harufu ya pishori mpya, mchele wetu wa kunukia, inakufuata mpaka kwenye nguo. Nilitafuna mchele mbichi kutoka kila gunia, maana wako wanaochanganya pishori na mchele wa kutoka nje halafu wanakuapia kwa jina la mama zao. Huu ulikuwa safi. Vijana wakapakia, nasi tukanywa chai na viazi vya kukaanga kando ya lori.

Dereva wangu anaitwa Njoroge. Tumesafiri pamoja miaka kumi na miwili, ni mtu mpole, na hajawahi kupoteza hata gunia moja. Alipomaliza kufunga turubai alikuja na mkono wazi.

"Mama Nasra, lete ya barabara twende."

"Leo hakuna."

"Ati hakuna? Umesahau nyumbani?"

"Sikusahau. Hakuna, na haitakuwako tena."

Alinitazama kama mtu anayepima homa. Kisha akaniambia, kwa Kiswahili safi kabisa, "Penye udhia penyeza rupia." Usemi huo nilimfundisha mimi, mwaka wa kwanza aliponiendeshea, na siku ile nilijuta kuwa na mdomo.

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Hakuwa mkaidi bure. "Mimi niko na watoto," aliniambia. "Wewe wakikukasirikia unarudi duka. Mimi kesho niko hii barabara, na kesho kutwa." Hilo lilikuwa kweli. Mwishoni tulikubaliana hivi: yeye atashika stelingi tu, na kila tutakaposimamishwa nitashuka mimi niseme. Akapanda, akafanya ishara ya msalaba, nami nikapiga bismillahi upande wa pili.

Kuelekea Sagana

Hatukwenda mbali. Mahali fulani kwenye tambarare ya Mwea askari mmoja alitupungia mkono. Nilishuka na stakabadhi zote. Akazisoma, hakuona kosa. Akazunguka lori, akapiga magurudumu teke, akachungulia chini.

"Mama, hii lori iko na shida."

"Shida gani, afande?"

"Shida ni mingi. Lakini tunaweza saidiana."

"Ziandike zote," nikamwambia. "Nitaenda kortini nijibu."

Hakutaka kuandika. Kosa likiandikwa linakuwa la serikali, na yeye hapati kitu. Akaniambia nikae kando nifikirie. Nikatoa kiti changu cha plastiki nilichokuwa nimekibeba kwa makusudi, nikakaa kivulini mwa lori, nikatoa kazi yangu ya kudarizi. Jua la Mwea halina huruma. Njoroge alijifanya amelala. Kila baada ya dakika chache askari alipita akaniuliza kama nimefikiria, nami nikamwomba aandike.

Saa sita na nusu lilikuja gari la kubadilisha zamu. Yule askari akanirushia karatasi zangu. "Enda, mama. Enda tu." Njoroge aliwasha injini kabla sijafunga mlango. Baada ya kilomita nzima akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikacheka naye.

Baada ya Sagana tulisimamishwa tena mara mbili. Mara ya kwanza tulikaa saa nzima. Mara ya pili, askari wa kike alisoma karatasi, akasema "Safari njema," akatuachia. Nilimwuliza kama hataki kutazama magurudumu. Njoroge alinikanyaga mguu.

Karatina

Tuliingia Karatina jua likizama, na Njoroge haendeshi mzigo gizani, kwa hiyo tulilala huko. Asubuhi ya Jumamosi nilikwenda kutafuta uji, nikakaa benchi moja na mwanamke aitwaye Wambui. Yeye huchukua nyanya kwa wakulima akazipeleka masoko ya mbele kwa pikapu ya kukodi. Tulipatana upesi. Alinipa kipande cha nduma yake ya kuchemsha, nami nikamsimulia ushujaa wangu wa jana. Nilipomsikia akisema kwamba amekwisha tenga zake za vizuizini, kiburi kilinipanda kichwani. Nilimwambia kwamba watu kama yeye ndio wanaoiharibu nchi hii.

Wambui hakukasirika. Alifuta mikono kwa aproni.

"Mama, wewe uko na mchele. Mchele inaweza ngoja. Nyanya yangu wakiiweka kwa jua masaa mbili tu, nimeuza nini? Wale watu wanajua. Wakiona nyanya, wakiona maziwa, wanaongeza bei. Hawakuulizi pesa, wanakuuliza kama uko na haraka."

Mvumilivu hula mbivu, wanasema, lakini mwenye nyanya akivumilia hula mbovu. Nimefanya biashara miaka yote hii na sikuwahi kuliona hilo: kwamba hongo nyingi hazilipii kosa, zinalipia saa. Nilimwomba radhi pale pale. Akaniambia nimalize nduma. Alitangulia kuondoka, kwa sababu alikuwa na haraka.

Kizuizi nisichokitaja, Jumamosi na Jumapili

Kizuizi hiki hakina jina humu na hakitakuwa nalo. Ni gogo lililolazwa barabarani, kibanda cha mabati, na karani kijana mwenye shati lililopigwa pasi. Kazi yake ni kukusanya ushuru wa mazao. Ushuru huo ni halali, na mimi nilikuwa nimeuhesabu kwenye bei yangu.

"Mama, toa nusu upite," akasema kwa adabu.

"Nataka kulipa yote. Nipe risiti."

"Kitabu ya risiti imeisha."

"Kingine kinaletwa lini?"

"Sijui. Labda Monday."

Hapo ndipo penye ujanja. Ukilipa nusu bila risiti unafurahi umeokoa, lakini kizuizi cha mbele kinakudai risiti, unalipa nusu nyingine, na mbele nusu nyingine. Ukifika nyumbani umelipa zaidi ya ile moja, na hata shilingi haijafika inakotakiwa. Ndiyo maana soko letu lina choo kilichofungwa kwa kufuli tangu kizinduliwe, na mvua ikinyesha tunauza mboga tukiwa ndani ya matope. Nilimwambia karani kwamba nitangoja kitabu. Akacheka, akasema hajawahi kuona mtu anayemlilia achukue pesa zaidi. Saa tisa hakuwa akicheka tena.

Tulikaa. Njoroge alivuta turubai la akiba kutoka kwenye lori akalifunga kwenye ua wa jirani, maana manyunyu yalianza. Mwenye ua, mama mkarimu, akatuazima viti. Nilikuwa na sufuria kubwa na gunia dogo la mchele wa nyumbani kwangu, nikawasha moto kwenye mafiga matatu. Njaa ya dereva inanusa mbali. Wa lori la kabichi alisimama kuuliza, akala, akasema naye anataka risiti. Wa viazi akafanya vivyo hivyo. Wengine walilipa nusu wakapita wakituona wendawazimu. Jioni tulikuwa malori matano. Nikatoa daftari, nikaandika majina ya wote wanaongoja, ili kitabu kikija tulipe kwa zamu.

Usiku ule nauruka. Asubuhi ya Jumapili niliswali chini ya turubai nikiwa na buibui langu na mtandio mweupe, kisha nikabandika wali mwingine. Mara Wambui akatokea, anarudi kutoka sokoni, na kreti mbili nyuma ya pikapu. "Hizi zimelainika, haziuziki," akasema. "Lakini zitapikika." Alikaa akakata vitunguu, na tukapata mchuzi wa maana.

Sasa jiwekeni mahali pa watu waliokuwa wakitoka kanisani, hatua chache juu ya barabara. Wameona turubai. Wameona viti kwa mistari, sufuria kubwa, madereva wamekaa kimya na nyuso za uchovu. Wameona mwanamke wa mtandio mweupe mbele ya daftari. Upande wetu huu wa mlima picha hiyo ina maana moja tu.

Wa kwanza alikuwa mzee aliyevua kofia. "Poleni sana," akasema, akaweka noti juu ya daftari. "Andika Baba Maina." Nilidhani ni dereva mgeni anayenunua chakula. Nikamwandika kwenye zamu, nikampa sahani ya wali. Akala kwa huzuni, polepole. Wakaja wengine kumi, ishirini, kila mmoja na pole yake na noti yake, nami naandika na Wambui anapakua. Nikawaza, kumbe habari ya risiti imewagusa watu namna hii. Machozi yalinilengalenga, na hilo likazidi kuwathibitishia. Akina mama wakaanza wimbo wa taratibu.

Shosho mmoja, bibi mzee mwenye kitambaa cha kichwa cha buluu, akanishika mkono. "Alikuwa mgonjwa, ama ni barabara?"

"Nani, shosho?"

"Huyu mnazika."

Wimbo ulizimika mstari kwa mstari.

"Shosho, hakuna mtu tunazika. Sisi tunangoja risiti."

Nilieleza yote, kitabu kilichokwisha, nusu, na magari matano. Baba Maina alitazama sahani yake tupu kama iliyomsaliti. Niliogopa watanikasirikia, kwa kuwa kuchezea msiba si mzaha. Lakini shosho alikuwa amegeuka anatazama kibanda.

"Karani wa hapa," akasema, "ndiye ameoa Wanjiku wangu."

Ninyi mliozaliwa na Wagikuyu kama mama yangu hamhitaji kuambiwa. Mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana mpaka kuonekana ni kazi. Hawalegezi maneno, hawali pamoja, na mkwe hawezi kufanya jambo la aibu mbele ya macho yale. Shosho hakupiga kelele. Alichukua kiti chake, akakiweka katikati ya barabara mkabala na mlango wa kibanda, akakaa na mkoba juu ya magoti. Waumini wakasimama nyuma yake.

Lori la mchanga likafika. Dereva wake akanyoosha mkono na nusu yake kama kawaida. Mkono ulibaki hewani. Ndani ya kibanda hapakuwa na mtu wa kuupokea.

Dakika zilipita nyingi. Mwishoni karani alitoka ubavuni, macho chini, akaenda kwenye pikipiki yake iliyokuwa nyuma, akafungua sanduku, akarudi na vitabu vya risiti. Vilikuwa vitatu, vipya.

"Waandikie hawa watu," shosho akamwambia. "Mimi niko na njaa, na siwezi kula mbele yako."

Akaandika. Aliandika malori yote matano kwa zamu ya daftari langu, na la mchanga likawa la sita. Aliponifikia alisema kwa sauti ya chini, "Mama, jioni kuna wakubwa wanakuja kuchukua yao. Nitawaambia nini?"

Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma. "Waonyeshe vitabu," nikamwambia. "Waambie mama mkwe wako ndiye alisimamia."

Kila aliyechanga nilimrudishia noti yake kwa kufuata daftari. Baba Maina alikataa yake. Alisema wali ulikuwa mzuri kuliko wa matanga mengi aliyohudhuria. Gogo likainuliwa na tukapita tukipiga honi, malori sita, moja nyuma ya jingine, na Njoroge akiwapungia watu mkono kama bwana harusi. Nilikuwa na risiti mkononi na nilijihisi ninaweza kuubeba mlima wenyewe. Vizuizi viwili vya mbele niliionyesha tu, wakaisoma mbele na nyuma, wakatuachia.

Gakindu, Jumatatu

Jumapili tulilala nyumbani Nyeri, na Jumatatu tukaondoka mapema, lakini usiku ilikuwa imenyesha. Barabara ya kwenda shuleni iliwekewa lami zamani kwenye karatasi. Chini ni udongo mwekundu. Kupita Gakindu kidogo lori liliteleza likazama nusu gurudumu. Saa mbili na dakika arobaini. Vijana sita walishuka kutoka mashamba ya kahawa, nami nikajiambia, haya, hawa nao watataka ya barabara.

"Mnataka ngapi?" nikawauliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Mmoja wao alinitazama kwa mshangao. "Ngapi ya nini? Dada yangu anasoma hapo."

Wakaleta magunia ya maganda ya kahawa, wakayamwaga chini ya magurudumu, wakasukuma. Matope yaliwaruka mpaka usoni. Nilishukuru huku nikiona haya, kwa sababu siku tatu zilikuwa zimenifundisha kumshuku kila mtu mwenye mkono.

Tuliingia langoni saa tatu na nusu. Lori la yule tajiri lilikuwa limeegeshwa nje, limepakiwa, linangoja nishindwe. Dereva wake alitutazama tukipita, akawasha injini, akaondoka taratibu. Njoroge alimpigia honi ndefu ambayo haikuwa ya salamu.

Mtunza stoo alipima kila gunia na hakuna lililopungua. Mwalimu mkuu, mama mfupi asiyepoteza maneno, alisaini, akaniuliza kama bei ile itasimama muhula mzima ama ilikuwa ya kunasa kazi tu. Nilimwambia itasimama. Akamwita mpishi, akamwambia kitu pembeni, na mpishi akaenda jikoni karibu akikimbia. Kisha mwalimu mkuu akanigeukia, akanieleza kwamba miaka yote wasichana wake wamekula githeri, mahindi na maharagwe, na wali siku ya Ijumaa peke yake, maana mchele ulikuwa ghali. Kwa bei yangu amepiga hesabu yake na ni siku nne kwa wiki.

Walinilazimisha nikae chakula cha mchana. Nilisimama jikoni na sahani ya bati, Njoroge kando yangu akiwa na matope mpaka magotini. Mstari wa wasichana ulianza kuingia. Wa kwanza, mdogo, sare bado ina mikunjo ya sandukuni, alifika mbele ya sufuria akasimama.

"Kwani leo ni Friday?" akamwuliza mpishi.

"Ni Monday," mpishi akasema, akampakulia. "Songa mbele."

Hakusonga. Aligeuka nyuma, akawaambia wenzake, "Ni wali," na neno likapita kwenye mstari mzima, likatoka mlangoni mpaka uwanjani, na kule nje nikasikia mamia ya vijiko vikigongwa kwenye sahani. Njoroge alitazama pembeni akafuta uso kwa mkono wenye matope. Mimi sikuuficha wangu. Nilipanga mstari nyuma ya wasichana nikala pamoja nao, na sijawahi kuula mchele wangu mwenyewe ukiwa mtamu kiasi kile.